Cheklisti: Tumechukua Orodha, Shaha Tumemwacha

Neno la Kiingereza "checklist" limeungwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni mfalme wa Uajemi, cha pili ni pindo la nguo. Kutoka hapo hadi kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa choo cha kituo cha mafuta, ile yenye saini ya usafi wa saa kumi jioni ilhali saa yenyewe bado ni nne asubuhi, ni safari ya zaidi ya miaka elfu moja. Naifuata safari hiyo kwa sababu naamini kuna mzigo uliodondoka njiani, na wanaoulipia ni sisi tunaolazwa hospitalini na kupanda mabasi.

Nianze na pindo, kwa kuwa habari zake ni fupi. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "liste" lililomaanisha ukingo, na hasa ukingo wa kitambaa, pale nyuzi zinapobanwa ili nguo isifumuke. Anayevaa kanga hahitaji maelezo marefu: kuna mji, kuna jina, na kuna pindo linalovizunguka vyote viwili. Kifaransa na Kiitaliano vilikuwa na neno la ukoo huohuo, na huko maana ikaanza kusogea. Ukingo wa kitambaa ukikatwa unakuwa utepe. Utepe ukiwa wa karatasi unaandikika, na juu ya utepe mwembamba huwezi kuandika majina ila kwa kushuka, moja chini ya jingine. Kufikia mwaka 1600 hivi Waingereza walikuwa wameipokea maana hiyo kutoka Kifaransa, na ile ya zamani ikabaki kwa wafumaji na washonaji. Kwa hiyo "list" kwa asili lilikuwa jina la kile kilichoandikiwa, si la maandishi yenyewe. Sisi tuna orodha ya kuandika na listi ya mdomoni. Mlinzi wa ukumbi wa harusi atakuuliza kama umo kwenye listi, hatakuuliza kama umo katika orodha.

Kipande cha kwanza ndicho chenye kisa.

Sataranji ilizaliwa India ikiitwa chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Ikapita Uajemi, na Waarabu walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 7 wakauchukua mchezo wakauita shatranj, jina ambalo pwani yetu imelihifadhi karibu kama lilivyo. Ulaya iliupokea mchezo kutoka kwa Waarabu pamoja na msamiati wake. Mchezaji akimtishia mfalme wa mwenzake alitamka "shah!", yaani mfalme kwa Kiajemi, kumwonya kwamba mfalme wake yuko hatarini. Kilatini cha zama za kati kikafanya "scaccus", Kifaransa "eschec", Kiingereza kikakata kichwa cha neno kikabaki na "check". Wingi wa lile neno la Kifaransa ndio uliozaa "chess", jina la mchezo wenyewe kwa Kiingereza. Nasi shaha tunaye: washairi wa Kiswahili hadi leo humwita hivyo mkubwa wao, shaha wa malenga.

Sheria ya tamko hilo mchezoni ni kali. Ukishaambiwa shah, mipango yako yote inasimama. Hata kama ulikuwa umebakiza hatua moja ushinde, huruhusiwi kuicheza. Lazima kwanza umwondoe mfalme hatarini, au umkinge, au uile kete inayomtisha. Na tishio hilo halina cheo. Askari wa miguu, kete dhaifu kuliko zote ubaoni, akifika mahali panapofaa anamsimamisha mfalme sawasawa na vile ambavyo kete kubwa ingemsimamisha. Bao letu halina kisa cha namna hii kwa sababu halina mfalme, kete zote ni sawa. Wazee wa vijiweni wakitaka wanaweza kulijadili hilo hadi jua lizame.

Ndiyo maana neno "check" lilipotoka ubaoni na kuingia katika Kiingereza cha kila siku, halikuanza na maana ya kukagua. Lilianza na maana ya kusimamisha: kumzuia farasi kwa hatamu, kulizuia jeshi linalosonga, kuizima hasira kabla haijafika mdomoni. Kukagua kulikuja baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 17.

Kati ya kusimamisha na kukagua neno lilipita kwenye meza ya hesabu. Wafalme wa Uingereza waliotoka Normandi walikuwa na shida moja: fedha za kodi zilikuwa nyingi na tarakimu za Kirumi hazijumlishiki kirahisi. Jaribu wewe mwenyewe kujumlisha CCXLVIII na DCXIX bila kuzigeuza. Dawa yao ilikuwa meza. Richard FitzNeal, mweka hazina wa Henry II, aliieleza meza hiyo katika kitabu alichoanza kukiandika katika miaka ya 1170: urefu wake futi kumi, upana futi tano, kingo zimeinuliwa kiasi cha vidole vinne ili vitu visidondoke, na juu yake kitambaa cheusi chenye mistari iliyoachana kwa futi moja au shibiri moja. Vidude vya kuhesabia vilipangwa kati ya mistari: safu ya peni, safu ya shilingi (naam, mzazi wa shilingi iliyo mfukoni mwako), safu ya pauni, na kuendelea hadi maelfu. Ukiitazama meza ile unaona ubao wa sataranji, na kwa Kifaransa chao ubao huo uliitwa "eschequier". Kutokana na hilo likaja jina Exchequer, hazina ya dola, na hadi leo waziri wa fedha wa Uingereza anatembea na ubao wa sataranji ndani ya cheo chake.

Lakini FitzNeal hakutosheka na kufanana kwa sura. Alisema jina hilo lina sababu ya ndani zaidi: kama ubaoni kunavyopiganwa vita baina ya wafalme, ndivyo mezani pale kunavyokuwa na mapambano baina ya watu wawili, mweka hazina na sherifu aliyekuja kutoa hesabu, wengine wakiwa wamekaa kama waamuzi. Sherifu wa siku zile alikuwa mfalme mdogo kwenye jimbo lake. Alikusanya kodi, alikamata, aliamua. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na mwisho wa Septemba, mkubwa huyo aliketishwa mbele ya kitambaa cheusi akaulizwa kipengele kwa kipengele, huku vidude vikisogezwa mbele ya macho ya wote hata asiyejua kusoma aweze kuona pengo lilipo. Risiti zilikuwa vijiti vilivyochanjwa alama na kupasuliwa, nusu ya mlipaji, nusu ya hazina. Vijiti hivyo vilitumika hadi 1826, na mwaka 1834 vilipotiwa motoni ili kupunguza marundo, moto wake uliteketeza sehemu kubwa ya jengo la Bunge. Sijasikia kumbukumbu nyingine za hesabu zilizolipiza kisasi namna ile.

Hapa neno limegeuka, na ni vizuri kulitazama linavyogeuka. Ubaoni shaha ndiye anayezuiwa. Kwenye meza ya hazina ni watu wa shaha wanaowazuia wengine. Zote mbili ni maana halali, na Kiingereza kimezibeba zote hadi leo: wanapozungumzia mihimili ya dola kudhibitiana hutumia neno hilihili, na hapo maana imerudi ilikotoka, ya kumsimamisha mwenye nguvu. Cheki ya benki nayo ni ya ukoo huo. Ilianza kama kipande cha kuthibitishia malipo yasighushiwe, na tahajia yake ya Kiingereza ikaathiriwa na ile hazina. Pwani yetu haikuihitaji sana, tulikuwa na hundi ya wafanyabiashara wa Kihindi.

Vipande viwili viliunganishwa Marekani katikati ya karne ya 19. Moja ya kazi za mwanzo za neno hilo ilikuwa uchaguzi: orodha ya majina ya wapigakura, karani anaweka alama kila anayepiga kura ili asirudi mara ya pili. Jimbo la New Hampshire halijaacha. Daftari la wapigakura huko linaitwa "checklist", na watunzaji wake ni maofisa wanaochaguliwa na wananchi wa mji. Wataalamu wa ndege wenye mabawa nao walilipenda neno, chama cha wataalamu hao cha Marekani kikatoa orodha yake ya kwanza mwaka 1886. Kwa hiyo hadi hapo cheklisti ni mambo ya kuhesabu: huyu yupo, yule hayupo. Upande wa kusimamisha ulikuwa umelala.

Ulioamsha ni msiba. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field karibu na Dayton, Ohio, jeshi la Marekani lilikuwa linashindanisha ndege za kudondosha mabomu. Kampuni ya Boeing ilileta Model 299, yenye injini nne wakati wapinzani wake walikuwa na mbili. Usukani alishika Meja Ployer Peter Hill, mkuu wa majaribio ya ndege uwanjani hapo, mtu ambaye huwezi kumwita mwanafunzi. Ndege iliruka, ikapanda wima kupita kiasi, ikakosa nguvu, ikaanguka na kuwaka. Hill alikufa, na Leslie Tower wa Boeing akafa baadaye kwa majeraha. Uchunguzi haukukuta injini mbovu wala bawa lililokatika. Ulikuta kwamba ile komeo inayofunga vidhibiti vya mkiani ndege ikiwa imeegeshwa, ili upepo usivipigepige, haikufunguliwa kabla ya kuruka.

Mashindano yale Boeing ilishindwa, oda kubwa ikaenda kwa Douglas. Jeshi lilinunua ndege chache tu za Boeing, 13, za kujaribia. Na hapo marubani wakafanya jambo ambalo kwa watu wa fani yao halikuwa rahisi. Hawakusema tutafute marubani hodari zaidi, maana hodari kuliko Hill wangempata wapi? Waliandika orodha fupi: kabla ya kuruka, angani, kabla ya kutua, baada ya kutua. Mambo yenyewe kila rubani aliyajua. Aina hiyo ya ndege ikaja kuwa B-17, zikaundwa 12,731.

Orodha ile haikuwa ya kujaza. Ndege haiwezi kujua kama umeweka alama ya vema. Ilikuwa ya kusomwa kwa sauti: mmoja anataja kifaa, mwingine anakitazama au kukigusa kisha anajibu kilivyo. Jibu lisipopatikana, hakuna anayeendelea na kipengele kinachofuata. Yaani ni sataranji tena. Mtu anatamka, na mwenzake, hata awe na nyota ngapi mabegani, analazimika kujibu kabla ya kufanya kingine.

Najua kuna atakayesema kwamba marubani wa 1935 hawakumfikiria shaha wa Uajemi hata kwa dakika moja. Ni kweli, na asili ya neno si katiba yake. Neno linaweza kuzaliwa sokoni likazeekea msikitini. Hoja yangu ni nyingine: historia ya neno hili inatuonyesha kazi mbili ambazo orodha inaweza kufanya, na ushahidi wa karne iliyopita unaonyesha ni ipi kati yake inayookoa watu.

Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ni mfano mchungu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos uliojaa ukungu, Boeing 747 ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, iliigonga 747 ya Pan Am ya Marekani iliyokuwa bado kwenye njia ya kurukia. Walikufa watu 583. Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa kigogo wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake; picha yake ilikuwa kwenye matangazo, na rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa na yeye mwenyewe si muda mrefu uliopita. Kapteni alipoanza kusukuma mtambo mara ya kwanza, msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa haijatoka. Akasimama. Alipoanza mara ya pili, ruhusa ya kuruka ikiwa bado haijatolewa, msaidizi hakumzuia tena. Fundi wa ndege, aliyekaa nyuma yao, akauliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Tumelelewa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tenerife mkuu ndiye ambaye hakusikia, na wengine mamia wakavunjika pamoja naye. Sekta ya ndege ilielewa. Mwaka 1979 shirika la anga la Marekani, NASA, liliitisha kikao cha wataalamu kuhusu jinsi wafanyakazi wa chumba cha rubani wanavyosemezana, na mwaka 1981 United Airlines ikaanza mafunzo ambayo leo ni ya lazima karibu kila mahali: mdogo anafundishwa kusema, na mkubwa anafundishwa kuambiwa. La pili ndilo gumu.

Hospitali zilichelewa, pengine kwa sababu daktari anapokosea hafi yeye. Mwaka 2001 Peter Pronovost, daktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichukua tatizo moja tu: maambukizi yanayoletwa na mrija unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa mgonjwa mahututi. Akaandika mambo matano. Nawa mikono. Safisha ngozi kwa dawa inayofaa. Mfunike mgonjwa na wewe uvae vazi kamili. Epuka mshipa wa kinenani inapowezekana. Toa mrija usiohitajika tena. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angekutajia hayo usingizini. Jipya halikuwa kwenye karatasi. Jipya lilikuwa kwamba uongozi uliwapa wauguzi mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua, na ukatangaza kwamba kwenye mvutano wa namna hiyo utakuwa upande wa muuguzi. Mpango huo ulipopelekwa katika jimbo la Michigan, ripoti iliyotoka 2006 kutoka wodi 103 za wagonjwa mahututi ilionyesha kiwango cha kati cha maambukizi kikishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi sifuri ndani ya miezi mitatu.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika historia hii, ingawa sioni tukiisimulia. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kuijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, chini ya daktari mpasuaji Atul Gawande, lilichagua hospitali katika miji minane: Amman, Auckland, London, Manila, New Delhi, Seattle, Toronto na Ifakara. Ifakara yetu, ya Morogoro, ya mpunga na Kilombero. Orodha ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Matokeo ya hospitali zote nane kwa ujumla yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kipengele kimoja katika hivyo 19 wengi hukicheka: kila aliyemo thieta ataje jina lake na kazi yake kabla ya kisu. Mambo ya utambulisho kama kwenye kikao cha posa! Lakini aliyekwisha kusikika mara moja chumbani humo, hata kwa kutaja jina tu, hapati taabu kubwa kufungua mdomo mara ya pili pale anapoona kitambaa kimoja hakijarudi kwenye hesabu. Kipengele hicho hakikagui kitu. Kinamwandaa askari wa miguu.

Sasa linganisha na Ontario, Kanada. Serikali ya jimbo hilo ilizitaka hospitali zake zote ziitumie orodha hiyohiyo. Watafiti walitazama hospitali 101, wakatoa matokeo mwaka 2014. Hospitali ziliripoti kuitumia karibu kila mara. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki kuwa tofauti. Wapo waliolalamika kwamba miezi mitatu ya kutazama kabla na baada haitoshi, na kwamba vifo vilishakuwa vichache tangu mwanzo. Ni pingamizi za haki. Hata hivyo nikisoma tafiti hizi pamoja naona karatasi ileile ikifanya kazi pale ilipokuja na ruhusa ya kusimamisha, na ikilala pale ilipokuja kama fomu ya kurudishwa wizarani.

Kwetu imekuja kama nini? Tazama tunavyoitafsiri: orodha ya ukaguzi, orodha hakiki. Mkaguzi kwa Kiswahili ni mtu wa juu. Anatoka mkoani, anatoka wizarani, ana gari lenye namba za serikali, na siku moja kabla hajafika watu hupiga deki hadi kuta. Rais hukagua gwaride. Hakuna koplo anayemkagua Rais. Neno tulilolichagua lina mwelekeo mmoja, kutoka juu kwenda chini, na kwa hiyo orodha tuliyoipokea ni ile ya meza ya hazina peke yake. Tena bila waamuzi waliokaa pembeni, na bila vidude vinavyosogezwa mbele ya wote.

Matokeo yake kila mtu ameyaona. Nimekaa katika hospitali moja jioni nikimsubiri mgonjwa wangu, nikamtazama kijana wa mapokezi akiweka alama za vema kwenye fomu za siku nzima, kalamu moja, mkupuo mmoja, huku anaangalia mpira kwenye simu. Sikumlaumu sana. Alama zile hazikuwa zinamuuliza yeye chochote wala kumpa chochote. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mkaguzi wa kesho kwamba nafasi haziko tupu, na kazi hiyo aliifanya kikamilifu. Mabasi yetu nayo hukaguliwa, stika hubandikwa kwenye kioo, na utingo anayejua kwamba breki zinalia tangu asubuhi hana sehemu hata moja kwenye karatasi hiyo ya kulisema. Dereva ndiye mkuu. Tajiri ndiye mkuu zaidi. Abiria akipaza sauti ataambiwa ashuke apande gari la mama yake.

Mtaani tumelichukua neno kivyetu: cheki hii, nicheki baadaye, hebu kacheki mlangoni nani. Huko limekuwa kutazama tu, au kutafutana kwa simu, na mtaa hauna kosa. Lugha huazima inachohitaji. Wenye kosa ni wanaoandika miongozo. Wanachukua vipengele vyote vya Shirika la Afya Duniani, wanavitafsiri neno kwa neno, wanapanga mafunzo ya siku tatu hotelini, na wanaacha kuandika mstari mmoja ambao Baltimore waliuandika kwanza: nani mwenye ruhusa ya kusema basi, simama, na mkubwa wake atafanywa nini akimkaripia kwa kusema hivyo.

Bila mstari huo, muuguzi wa daraja la chini atakayemwambia daktari bingwa kwamba hajahakikisha upande wa goti unaopasuliwa ameonyesha utovu wa nidhamu. Wenzake watamwona mjuaji. Zamu zake zitakuwa za usiku. Anajua hayo yote kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo haufungui, anaweka alama ya vema. Tukimwita mzembe tunamwonea.

Ningekuwa na sauti kwenye miongozo hiyo ningeondoa nusu ya vipengele, maana orodha ndefu hujazwa kwa kubuni. Chini yake ningeacha nafasi ya kuandika mara ngapi kazi ilisimamishwa mwezi huo, aliyesimamisha alikuwa na cheo gani, na nini kilionekana. Mkaguzi akija, asihesabu alama za vema. Aende moja kwa moja kwenye nafasi ile. Thieta iliyopasua watu mwaka mzima bila orodha yake kumsimamisha daktari hata mara moja inahitaji kuulizwa maswali kabla ya ile iliyoandika kwamba alisimamishwa mara saba, na mbili kati ya hizo na mfanya usafi.